Fahamu: Kaliua, njia panda ya reli ya kwenda Mpanda

Kaliua ni nini?
Ni stesheni ya makutano kwenye Reli ya Kati, mkoani Tabora, magharibi mwa Urambo. Hapo njia hugawanyika: moja huendelea Kigoma, nyingine hukata kusini hadi Mpanda, umbali wa kilomita 210.

Treni hubadilishaje njia?
Vipande viwili vya reli vyenye ncha nyembamba husogezwa kwa pamoja. Kimoja kikigusana na reli kuu, kingine huacha upenyo, na magurudumu hufuata upande uliofunguliwa.

Ilianzaje?
Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mpanda lilijengwa baadaye, wakati wa Waingereza, kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki kubeba abiria na mazao.

Inamhusu vipi mkazi wa Kizwite, Sumbawanga?
Mkoa wa Rukwa hauna reli. Anayetoka Sumbawanga kwenda Tabora kwa treni hupanda kwanza basi hadi Mpanda kupitia Sitalike. Upande wa pili ipo reli ya TAZARA, inayopita Mbeya na Tunduma.

Kwa nini inatajwa sasa?
Kwa sababu ya reli ya kisasa, SGR. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435, ya zamani 1,000, hivyo behewa la moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Mipango ya Serikali inataja tawi la SGR kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi bandari ya Karema, Ziwa Tanganyika.