Chati inasema 100, sufuria yangu inasema 94

Wewe uliyesoma fizikia ukafuta kila kitu kichwani baada ya mtihani, hebu nikuulize: maji huchemka kwa nyuzi ngapi? Umesema 100. Hata chati iliyo ukutani kwangu inasema hivyo.

Chati yenyewe niliinunua kwa mchuuzi katikati ya jiji, wiki yangu ya kwanza chuoni. Ni ile iliyopigwa laminesheni, ikishika vumbi unapangusa tu na kitambaa. Inaonyesha joto likipita kwenye kijiko cha chuma, maji moto yakipanda ndani ya sufuria huku ya baridi yakishuka, na miale ya jua ikivuka anga tupu. Chini kuna vipimo: barafu 0, maji yanayochemka 100.

Chuo nilikiacha mwaka wa pili. Karo ilikwama, na nisikudanganye, somo la joto pia lilikuwa limeninyuka. Nikaiviringisha chati, nikaenda kuibandika kwa bedsita yangu Kawangware, kufunika mahali rangi imebambuka. Haikuwa na kazi nyingine.

Juzi binti wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, akaja kunakili michoro. Akaona kipimajoto changu cha enzi za chuo. "Anko, si tupime?" Tukateleka maji kwenye gesi. Yakatokota. Kipimajoto kikapanda hadi 94, kikagoma. Tukaongeza moto. Bado 94.

"Hiki kimeharibika," akasema.

Nilijishtukia najibu. Kipimajoto ni kizima. Sisi tuko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hivyo hayangoji 100 ndipo yachemke. Nenda Mombasa, ufuoni, utaipata hiyo 100. Na ukiongeza moto maji yakishachemka, joto halipandi. Nguvu yote inaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Ndiyo maana githeri ya Nairobi inakuchosha, na sufuria ya presha inaiivisha haraka: inafungia mvuke ndani, maji yanakandamizwa, yanapita hata 100.

Akaniangalia. "Anko, kumbe wewe ulisoma?"

Hilo swali liliniingia, msee. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba chuo kilinitoka chote.

Akachukua kalamu, akaandika juu ya chati, kando ya 100: "Mombasa". Chini yake: "94, kwa Anko". Laminesheni hufutika kwa kitambaa. Sijaifuta.

Sikuambii uache chuo. Karo ikipatikana, mimi mwenyewe narudi. Lakini leo jioni, maji ya githeri yakishachemka, punguza moto na ufunike sufuria. Yatabaki hapo hapo kwenye 94, na mtungi wako wa gesi utakaa siku kadhaa zaidi.