Damu ya Ndugu Nayo Hupimwa

Twasikia mara kwa mara jamaa za wagonjwa, huku kwetu Mbeya na Iringa, wakisema, “Nipeni nimpe ndugu yangu damu, sisi ni wa tumbo moja, haitamdhuru.” Nia hiyo ni njema, lakini undugu haulinganishi damu. Yafaa kila msomaji ajue sababu yake.

Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa Vienna alieleza ya kuwa damu za watu si za namna moja. Leo twayajua makundi A, B, AB na O. Mtu wa kundi O ana kinga mwilini mwake zilizo adui wa damu ya A na ya B. Akitiwa damu ya A, kinga hizo huzivunja chembe za damu ile ngeni. Figo huharibika, naye aweza kufa. Tena baba wa A na mama wa B waweza kuzaa watoto wa makundi yote manne.

Iko pia alama iitwayo Rh. Mwanamke asiye nayo, akizaa mtoto aliye nayo, mwili wake waweza kufanya kinga za kumdhuru mtoto wa mimba ijayo. Sindano ya anti-D, ikichomwa kabla ya saa 72 kupita tangu kuzaa, huzuia jambo hilo.

Kituo cha kanda cha Damu Salama kilichopo Mbeya hupima damu za wachangiaji, na hospitalini hujaribiwa pamoja na damu ya mgonjwa. Hata hivyo, jina likikosewa kazi yote hiyo ni bure, kwa maana wagonjwa wawili wa jina moja waweza kulala chumba kimoja. Basi mgonjwa na ayataje mwenyewe majina yake yote, damu itolewapo na mfuko uletwapo. Asiitikie “ndiyo” tu. Kama hajiwezi, jamaa amtajie. Tena amwambie daktari kama damu ilipata kumdhuru zamani.

Damu ikianza kuingia, mwenye kuuguza asiondoke, hasa katika dakika 15 za kwanza. Akiona mgonjwa ana homa, kitetemeshi, maumivu ya kiuno, upele, shida ya kupumua au mkojo mwekundu, amwite mwuguzi upesi ili damu ifungwe. Asione haya, heri kumwita bure kuliko kuchelewa.