Multimita ya bei nafuu Kilombero: inayotosha na isiyotosha

Ifakara ina majirani wakubwa wa umeme: Kidatu, mtambo wa megawati 204 kwenye Mto Ruaha Mkuu, na Kihansi wenye megawati 180. Hata hivyo, kwa miaka mingi mji ulitegemea laini ndefu ya kilovolti 33 kutoka Kidatu, hadi ulipopata kituo chake cha kupoza umeme. Nje ya mji, kaya nyingi zinaishi kwa sola, na kazi ya kila siku inabebwa na vyombo vyenye betri: bodaboda, bajaji, pawatila, magari ya mpunga. Katika uchumi wa namna hii, kipimo cha umeme, yaani multimita, ni mtaji, si kifaa cha fundi peke yake.

Cha bei ya chini kabisa ni kile kidogo cha Kichina, DT-830 na ndugu zake, ambacho kwa kawaida hakizidi bei ya kilo chache za mchele. Kwa mwenye pikipiki au gari moja, kinatosha. Betri ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 11.9 imekwisha. Injini ikiwaka, namba ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikigoma kwenye 12, mtafute mchawi kwenye altaneta, au kwenye rektifaya ya pikipiki, kabla ya kuilaumu betri. Pesa nyingi zinapotelea hapa: dereva anaambiwa betri imekufa, anaiuza kwa wanunuzi wa chakavu, ananunua mpya, nayo inaisha vilevile kwa sababu haichajiwi. Muuza spea anayepima mbele ya mteja kabla ya kuuza anastahili kupewa biashara.

Kwenye sola faida ni kubwa zaidi, maana paneli zenye lebo za uongo zimejaa sokoni. Paneli ya kweli ya wati 100 kwa mfumo wa volti 12, jua la saa sita mchana, isiyounganishwa na kitu, hutoa volti 20 hadi 22. Volti peke yake hazitoshi kuiamini. Hamishia waya mwekundu kwenye tundu la 10A, pima mkondo kwa sekunde chache: utarajie ampea 5 au 6. Ukipata 2, irudishe kwa aliyekuuzia.

Umeme wa nyumbani ni habari nyingine. Volti 230 hupimwa kwenye alama ya 750 ya AC, na mara nyingi tundu la 10A la vipimo hivi halina fyuzi. Ukisahau waya mwekundu humo kisha ukachomeka kwenye soketi ya ukutani, umeunganisha njia mbili za umeme moja kwa moja. Waya huungua, na mkono pia. Maandishi ya usalama ya CAT III kwenye kipimo cha bei ya kutupa hayathibitishi lolote. Anayefunga nyaya za nyumba aongeze pesa anunue chenye fyuzi kwenye matundu yote, waya nene na mlio wa kupima kama njia imekatika. UNI-T ni mfano mzuri wa ngazi hiyo. Fluke ya Marekani ni imara sana, lakini bei yake ni ya viwanda.

Wenye mashine za kukoboa mpunga wasikaribie mota za njia tatu, volti 400, wakiwa na DT-830. Wanahitaji klampu mita, inayokumbatia waya na kusoma ampea bila kuukata. Fundi akiona njia moja inavuta zaidi ya nyingine, anaizima mota kabla haijaungua.

Kariakoo bei iko chini, lakini ukinunua Ifakara unaweza kurudisha kipimo kibovu. Kabla ya kulipa, gusanisha ncha mbili kwenye ohmu: isome karibu na sifuri, tena itulie. Ikichezacheza, omba nyingine.