Jua kali na leja leja: kupumzika si uvivu



Kiangazi chetu hapa West Nile, kuanzia Desemba hadi Machi, ndicho wakati wa kufyatua matofali, kuchimba misingi, kupakia mchanga kwenye lori na kusafisha mashamba ya wenyeji. Mwaka 2025 shirika la WFP lilisitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Familia nyingi zikabaki kutegemea leja leja. Na kwa kuwa mtu analipwa kwa kipande, anaona kila dakika ya kukaa kivulini ni pesa inayopotea. Je, ni kweli? Soma hadi mwisho.

Joto linafanya nini mwilini?

Mwili wenye afya una joto la nyuzi 37 hivi. Ukilima au ukibeba matofali, misuli yako yenyewe inazalisha joto, na jua linaongeza la kwake. Ili kulitoa, moyo unapeleka damu nyingi kwenye ngozi na mwili unatoa jasho. Damu ikienda kwenye ngozi, misuli inapata kidogo. Jasho likitoka bila kunywa maji, moyo unapiga mbio na nguvu zinaisha. Ndiyo maana jembe lile lile la asubuhi linakuwa zito saa saba mchana. Hujawa mvivu, wala hujarogwa. Akili nayo inachoka, na hapo ndipo mtu anajikata kwa panga.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilieleza mwaka 2019 kwamba joto likifika nyuzi 33 au 34, mtu anayefanya kazi ya nguvu za kadiri anapoteza nusu ya uwezo wake. Maana yake, unatoka jasho la saa mbili kwa kazi ya saa moja.

Waliopumzika walifanya kazi zaidi

Huko El Salvador, Amerika ya Kati, wakata miwa wengi wamepata ugonjwa wa figo unaohusishwa na kazi nzito juani. Katika msimu wa 2014 hadi 2015, kundi moja la wakata miwa lilipewa maji ya kubeba mgongoni, hema la kivuli linalohamishwa shambani, mapumziko yenye ratiba na panga zilizoboreshwa. Kabla ya hapo mtu mmoja alikata wastani wa tani 5.1 kwa siku. Baadaye alikata tani 7.3. Walipumzika zaidi, na miwa ikaongezeka.

Ufanye nini wewe?

1. Anza kazi mapema, saa kumi na mbili asubuhi. Kazi nzito imalizike kabla ya saa tano. Kama kipande hakijaisha, rudi baada ya saa tisa alasiri.

2. Kunywa maji kabla hujasikia kiu: kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20. Beba jerikani ndogo ya maji safi na uiweke chini ya mwembe. Kwete na waragi si maji, vinazidi kukukausha.

3. Ukitoka jasho kwa saa nyingi, kula chakula chenye chumvi, au tengeneza maji haya: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visifurike. Mwenye shinikizo la damu aulize kwanza kituo cha afya.

4. Vaa kofia na nguo nyepesi zisizobana.

5. Kama ni mgeni wa kazi, au umetoka kuugua malaria, anza kidogo kidogo. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Hata aliyezoea Koboko ajihadhari akienda Rhino Camp, maana kule ni chini karibu na Mto Nile na joto ni kali zaidi.

6. Fanyeni kazi wawili wawili, kila mmoja amwangalie mwenzake.

Mkiwa kikundi, mwombeni mwenye kazi awaruhusu kuanza mapema. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 kuhusu usalama na afya kazini inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa kwa wafanyakazi. Semeni naye kwa heshima: mfanyakazi akianguka, kazi yake pia inasimama.

Dalili za hatari

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, mkojo mchache wenye rangi ya chai: acha kazi, kaa kivulini, kunywa maji.

Lakini mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi, kupata degedege au kuzimia huku mwili ukiwaka moto, hiyo ni hatari ya kufa. Msimcheke. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea. Msimnyweshe kitu kama hana fahamu. Paracetamol haiondoi joto la aina hii. Anzeni kumpoza hapo hapo huku mwingine akitafuta boda boda, na endeleeni kumpoza njiani.

Na malaria je? Nayo inachemsha mwili na kuumiza kichwa. Kama umepumzika kivulini na homa haijaisha, usikisie. Nenda kituo cha afya ukapimwe damu.

Baba, mama, kijana mwenzangu: mikono yako ndiyo shamba uliloweza kuvuka nalo mpaka. Usiliunguze kwa siku moja. Ukiwa na swali, muulize VHT wa kijiji chako.