Gari la familia: kabla ya kulipa, kagua na kiti cha nyuma

Mpunga ukishauzwa, au mchimbaji mdogo akibahatika kukutana na mwamba wenye dhahabu, mazungumzo katika nyumba nyingi za Kahama hugeukia jambo moja: gari. Mama amechoka kupanda bodaboda akiwa na mtoto mgongoni na mwingine amebanwa katikati. Baba amechoka kukodi usafiri kila mtoto anapopata homa usiku.

Katika kata kama Nyasubi, "gari jipya" maana yake si gari la kutoka kiwandani. Ni gari lililotumika Japan, ambalo halijawahi kusajiliwa Tanzania. Kwa wengi huwa IST, Vitz, Raum au Spacio, na familia kubwa hutamani Noah. Magari haya huuzwa rahisi kwao kwa sababu Japan gari dogo hulazimika kupita ukaguzi wa serikali linapofikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama zake huwafanya wenye magari wengi waone heri kuyauza.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuvutana na muuzaji kwa dola 100 wakati fedha kubwa inakwenda kwenye kodi.

Tuseme mzazi amepata gari la injini ya sisi 1,500 linalofika bandari ya Dar es Salaam kwa dola 3,000, bima na usafiri wa meli vikiwemo. Kwa viwango vilivyozoeleka, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huo ni asilimia 5, na VAT ni asilimia 18. Gari likiwa limepita miaka 10 tangu litengenezwe, huongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Jumla inakaribia dola 2,970, yaani karibu bei ya gari lenyewe. Gari la thamani hiyo hiyo lenye miaka saba lingelipiwa takribani dola 1,650. Hapo hatujagusa tozo ndogondogo, wakala wa forodha, usajili, wala mafuta ya safari ya karibu kilomita 1,000 hadi Kahama.

Kwa hiyo gari la bei ya chini kwenye simu linaweza kuwa ghali kuliko jirani yake lililo jipya zaidi. Injini isiyozidi sisi 1,000, kama ya baadhi ya Vitz na Passo, haitozwi ushuru wa bidhaa wa injini.

Kuna mtego mwingine. TRA wana orodha yao ya thamani za magari. Ankara ikionyesha bei ya chini kuliko thamani yao, kodi hupigwa kwa thamani yao. Kikokotoo kipo kwenye tovuti ya TRA na kinafunguka kwa simu. Mzazi akiingize aina ya gari, mwaka na injini kabla ya kutuma hata senti Japan. Aangalie tena baada ya bajeti ya Juni, kwa maana viwango hubadilika. Kodi ikifika wakati wake, ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya TRA, isipitie mfukoni mwa wakala.

Wakazi wa Kahama wana kishawishi cha karibu. Barabara ya kwenda Rwanda na Burundi inapita mlangoni mwao, na magari ya IT hupita kila siku yakielekea mpakani. Mara huja mtu na habari ya gari "limekwama", bei nusu, karatasi zitafuata. Gari la IT halijalipiwa kodi ya Tanzania. Likikamatwa, aliyenalo ndiye mwenye kujibu, na fedha aliyompa dereva haitarudi.

Anayenunua gari ambalo tayari lina namba za Tanzania ana kazi nyingine. Aone kadi halisi, si picha ya WhatsApp. Kadi ikiwa haipo, aulize kama iko kwa mkopeshaji. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi. Madeni ya faini za barabarani yanaonekana kwenye mfumo wa polisi wa TMS, na bima inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA. Umiliki ubadilishwe TRA mara moja; kubaki na gari lenye jina la mtu mwingine ni kujitafutia kesi.

Sasa twende kwenye jambo ambalo mafundi wengi wanaoitwa "kuja kusikiliza injini" hawaligusi. Shirika la Afya Duniani linataja ajali za barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Gari linalonunuliwa ili kumwondoa mtoto kwenye bodaboda linapaswa kuwa salama kweli.

Anza na mikanda ya nyuma. Ivute yote hadi mwisho kisha uivute kwa ghafla, inapaswa kukwama. Ichomeke yote. Katika magari mengi yaliyouzwa huku, mikanda ya nyuma imezama chini ya viti au imefunikwa na makava, na abiria wa katikati ana mkanda wa kiunoni tu. Familia ya watoto watano ihesabu mikanda, si nafasi za kukaa.

Kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya mifuko ya hewa, ambayo mafundi huiita eabegi, huwaka sekunde chache na kuzima. Isipowaka kabisa, huenda ilifichwa kwa sababu mifuko iliwahi kufumuka kwenye ajali na haikurudishwa. Kwa gari linaloagizwa, omba karatasi ya mnada wa Japan: daraja R au RA ni dalili ya gari lililogongwa na kutengenezwa.

Ipo pia hatari ya Takata, kampuni ya Japan iliyofilisika mwaka 2017. Vifaa vyake vya kujaza mifuko ya hewa, vilivyofungwa kwenye Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengine, baadhi huchakaa kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ajali hata ndogo ikitokea, hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva au abiria. Takribani vifaa milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote. Watengenezaji wana kurasa za kuhakiki kwa namba ya chesisi. Muuzaji makini hatakataa kuitoa.

Matairi nayo yasomwe. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu zinaeleza wiki na mwaka: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata nzuri haimaanishi tairi ni jipya, na mwendo mrefu wa juani kati ya Singida na Nzega si mahali pa kujaribu tairi la zamani. Gharama ya matairi manne ni hoja halali ya kupunguziwa bei.

Halafu kiti cha mtoto. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 iliandikwa bila kifungu cha kukidai, ndiyo maana wengi hukiona kuwa cha matajiri. Lakini gari likigonga, mikono ya mama haiwezi kumzuia mtoto aliyempakata, hata kama ana nguvu za kubeba gunia. Mchanga akae nyuma, kwenye kiti kinachotazama nyuma ya gari, na kamwe kiti hicho kisiwekwe mbele palipo na mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Wakati wa kukagua gari, pitisha vidole katikati ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma. Vyuma viwili vidogo hapo ni vya kufungia kiti cha mtoto. Visipokuwepo, kiti hufungwa kwa mkanda wa gari, ndiyo sababu mkanda huo ujaribiwe muuzaji akiwa bado anatafuta mteja.