Wakishapoteza mechi moja wanarudi nyumbani: Jinsi vikapu vya wanawake vyuoni vinavyoamuliwa baada ya msimu

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka ifikapo Machi, wapo wapenzi wa mpira wa vikapu katika mitaa ya Eastlands ambao hukubali kupoteza usingizi. Saa moja ya jioni mashariki mwa Marekani huwa ni saa nane za usiku Nairobi, na huo ndio wakati timu za wanawake za vyuo vikuu vya huko huingia uwanjani kwa mechi za baada ya msimu.

Kwa wengi hayo yalikuwa mambo ya watu wa mbali hadi Machi 2025, walipomwona Madina Okot, Mkenya mwenye urefu wa futi sita na inchi sita, akiwa na jezi ya Mississippi State. Awali binti huyo alichezea Zetech Sparks, timu ya chuo kikuu kilichoko Ruiru. Mississippi State iliibwaga California 59-46, kisha ikalimwa 96-59 na USC jijini Los Angeles, katika mechi inayokumbukwa zaidi kwa jeraha la goti la nyota wa USC, JuJu Watkins. Msimu uliofuata Okot alihamia South Carolina, chuo kilichokuwa kimetwaa ubingwa mara tatu: 2017, 2022 na 2024.

Sasa msichana wa Kware anayejifunza kudunda mpira ana haki ya kuuliza: mashindano hayo ni yapi, na mtu huyafikiaje?

Jibu la kwanza ni kwamba si mashindano mamoja. Yanayovuma zaidi ni yale ya NCAA, muungano unaosimamia michezo ya vyuo Marekani. Katika daraja la kwanza kuna zaidi ya vyuo 350, navyo vimegawanywa katika makundi, kila kundi likiwa na ligi yake. Msimu wa kawaida ukikamilika, kila kundi huandaa kipute chake kifupi cha kumpata bingwa. Mwaka 2025 mabingwa 31 walijikatia tiketi kwa njia hiyo. Nafasi nyingine 37 zilitolewa na kamati iliyopima matokeo ya msimu mzima na ubora wa wapinzani ambao kila timu ilikutana nao. Jumla ni timu 68.

Kuanzia hapo hakuna huruma. Ukishindwa mara moja, umefunga virago. Timu 16 zilizoorodheshwa juu hupata faida ya kuandaa mechi za raundi mbili za kwanza katika viwanja vyao, jambo ambalo wanaume hawana. Hata hivyo, uwanja wa nyumbani si kinga. Mwaka 1998 Harvard, iliyokuwa imewekwa nafasi ya mwisho katika kapu lake, iliitoa Stanford 71-67 huko huko kwa Stanford.

Lakini timu hushinda ligi yao na bado zikakosa tiketi! Hebu fikiria chuo kidogo kilichotawala kundi lake kwa miezi miwili, kisha kikateleza siku moja katika kile kipute cha kundi. Kamati huenda isikitazame. Hapo ndipo ngazi ya pili ina maana. Tangu 2024 NCAA yenyewe imekuwa ikiendesha mashindano ya WBIT yenye timu 32, ambako washindi wa ligi waliokosa nafasi ya juu huingia moja kwa moja. Illinois ilikuwa ya kwanza kuyatwaa, ikafuatiwa na Minnesota mwaka 2025. Chini yake kuna WNIT, yaliyoanza kwa sura yake ya sasa mwaka 1998 na ambayo kwa miaka mingi ndiyo yaliyokuwa makimbilio ya timu hizo.

Msomaji asidharau ngazi hizo za chini. Si kila Mkenya atatua South Carolina. Felmas Koranga, mchezaji wa timu ya taifa ya Kenya, alichezea Troy, chuo cha Alabama ambacho wengi wetu hatukuwa tumewahi kukisikia. Troy ilifika dimba kuu mwaka 2021 ikalazwa na Texas A&M kwa tofauti ya alama nne tu, 84-80. Kwa mwanafunzi, karo inayolipwa na chuo kama hicho haina tofauti na ile inayolipwa na chuo chenye jina kubwa.

Wanawake wenyewe hawakupewa heshima hii kwa urahisi. Mashindano ya NCAA ya wanawake yalianza mwaka 1982, Louisiana Tech ikiipiku Cheyney State 76-62 katika fainali, miaka 43 baada ya wanaume kuanza yao. Mwaka 2021 mchezaji wa Oregon, Sedona Prince, aliuonyesha ulimwengu kwa video chumba cha mazoezi walichotengewa: vyuma vichache vilivyopangwa kando ya ukumbi mtupu, ilhali wanaume walikuwa na ukumbi uliojaa vifaa. Aibu hiyo ilizaa mabadiliko. Fainali ya 2024, South Carolina ilipoizima Iowa 87-75, ilitazamwa Marekani na watu zaidi ya milioni 18, wengi kuliko ile ya wanaume. Mwaka 2025 timu za wanawake zilianza kulipwa kwa kushiriki, kutoka kwa hazina ya dola milioni 15.

Hapa pana jambo ambalo mzazi anapaswa kulijua kabla ya kushangilia. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kupata pesa kutokana na majina yao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Mwenzake Mmarekani anaweza kutia saini mkataba wa tangazo la viatu bila wasiwasi. Binti kutoka Nairobi yuko huko kwa viza ya mwanafunzi, nayo humbana sana katika kufanya kazi ya malipo. Anachoweza kukitegemea ni masomo, malazi na chakula.

Huku kwetu baada ya msimu mambo huenda kinyume. Katika ligi kuu ya wanawake, vyuo kama Zetech, Strathmore na USIU havichezi peke yao. Mchujo huwakutanisha na Bandari ya Mombasa, yaani KPA, na Equity Hawks ya benki, timu za wanawake watu wazima ambao vikapu kwao ni sehemu ya ajira. Tena bingwa hupatikana kwa mfululizo wa mechi. Mwanafunzi anaweza kumshangaza mfanyakazi siku moja. Kumshangaza mara tatu akiwa na mitihani mezani ni kibarua kingine. Kwa maoni yangu ni shule kali lakini nzuri, maana aliyezoea kusukumana na wanawake wa KPA chini ya kikapu hawezi kuogopa wasichana wa umri wake.

Tatizo la Kware liko mapema zaidi kuliko mchujo wowote. Mtaa huu wa Embakasi Kusini ulipata jina kutokana na machimbo ya mawe, na leo nyumba za ghorofa zimebanana hadi jua linafika chini kwa shida. Uwanja kamili wa vikapu ni mita 28 kwa 15. Mwenye ploti ya ukubwa huo haoni uwanja, anaona vyumba vya kupangisha na kodi ya kila mwezi. Kwa hiyo msichana hujifunza shuleni au hajifunzi kabisa, na shule ya mtaa mmoja yenye ringi mbili za chuma humpa nafasi ambayo jirani yake wa ng'ambo ya barabara hana.

Ukumbi wa Nyayo, ambako mechi nyingi za mchujo wa Kenya zimechezwa kwa miaka mingi, uko umbali wa safari ya matatu kutoka Kware, na huko mechi huchezwa mchana.