Kasuku Apigwe Picha Pamoja na Mti Wake

Picha za kasuku wa porini zinazosifiwa sana hufanana. Kichwa kimejaza picha nzima, jicho linang'aa, manyoya yanahesabika moja moja, na nyuma yake hakuna kitu ila ukungu wa kijani. Ni kazi ya ustadi, na aliyeifanya anastahili pongezi. Tatizo ni kwamba hakuna kinachoitofautisha na picha ya ndege aliyefungiwa. Kasuku wa kijivu wa sebuleni na mwenzake wa msitu wa Kibale, Uganda, wana sura ile ile. Hata dume na jike hawatambulikani kwa macho. Ninashikilia kwamba picha ya kasuku porini hupata thamani inapoonyesha anavyoishi: mti aliotua, tunda analokula, shimo analolalia, kundi analoruka nalo. Mtu akisafiri hadi msituni kisha akaufuta msitu kwenye picha yake, amekiacha nyuma kile kilichokuwa adimu kuliko vyote.

Ushahidi wa karibu uko Naivasha, Kenya. Kandokando ya ziwa hilo wanaruka kasuku wadogo wa kijani, huru kabisa, wakizaliana wenyewe. Hata hivyo, asili yao si hapo. Ni machotara wa jamii mbili za Tanzania: kasuku mdogo wa Fischer, wa upande wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Viktoria, na yule mwenye ukosi wa njano, wa nyika za Tarangire na katikati ya nchi. Huko kwao kila jamii ina eneo lake; waliochanganyika Naivasha wametokana na ndege wa biashara na wa kufugwa waliotoroka au kuachiliwa. Ukimpiga mmoja wao picha ya karibu, mtazamaji atadhani ameona maumbile yenyewe. Mpiga picha anayemwonyesha yule wa ukosi wa njano akichungulia kutoka shimo la mbuyu, na nyasi kavu zikionekana chini, ameeleza habari ambayo picha ya uso haiwezi kuibeba.

Na mti si pambo. Kasuku wetu hawana uwezo wa kigogota wa kutoboa shina gumu. Wengi hutaga katika mashimo yaliyoachwa na ndege wengine au yaliyotokea tawi kubwa lilipooza, na mashimo hayo hupatikana zaidi kwenye miti mizee, ambayo mara nyingi ndiyo anayoitafuta mkata mbao. Kwa kasuku wa kijivu pigo limekuwa la pande mbili, maana miti ilipokuwa ikiangushwa, watu walikuwa wakimnasa yeye mwenyewe. Kati ya 1982 na 2001 zaidi ya ndege milioni 1.3 waliokamatwa porini waliingia katika biashara ya kimataifa. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba Ghana imepoteza asilimia 90 hadi 99 ya kasuku hao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka huo huo wa 2016, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kusimamia biashara ya viumbe wa porini, zilikutana Johannesburg na kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini.

Wapo watakaosema kwamba uso wa karibu ndio unaowafanya watu wampende ndege, na asiyependwa halindwi. Hoja hii ina uzito, ila historia ya kasuku wa kijivu inaipinga. Huyu hakuwahi kukosa wapenzi. Alipendwa kwa akili zake, kwa kuiga sauti ya binadamu, kwa mkia wake mwekundu, na ni mapenzi hayo yaliyojaza makreti kwenye viwanja vya ndege. Kilichokosekana ni watu kumjua kama mkazi wa mahali fulani.

Wengine watalalamika kuhusu vifaa: msitu una giza, kasuku wanakaa juu, lenzi ndefu ni ghali. Lakini anayetaka kuonyesha makazi ndiye asiyehitaji lenzi hiyo ya bei kali. Anachohitaji zaidi ni kujua mwendo wa ndege. Kasuku huruka kwa makundi alfajiri kwenda kula na jioni kurudi kulala, wakipiga kelele njia nzima, na kasuku wa kijivu hupenda sana matunda ya michikichi. Atakayesubiri mbali na mchikichi wenye matunda yaliyoiva atapata ndege, chakula na anga kwa pamoja. Aongeze tu mwanga kidogo kuliko kamera inavyopima, kwa sababu anga jeupe humfanya ndege aonekane kivuli cheusi. Asiwaite kwa sauti zilizorekodiwa. Wawindaji wa Kongo huwavuta kasuku kwa kutumia mwenzao aliyefungwa, kisha huwanasa kwa ulimbo, na ndege anayeitikia sauti ya simu huenda ameacha mayai au makinda yake bila ulinzi.

Pingamizi ninaloliogopa ni la mwisho: kumwonyesha kasuku na mti wake ni kumwelekeza mwindaji. Ni kweli kwa kiasi, kwa sababu simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Taarifa hiyo ifutwe kabla picha haijatumwa popote. Mtandao wa iNaturalist, ambako watu huweka picha za viumbe walivyoviona, tayari huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini. Kasuku wa usiku wa Australia alipopigwa picha 2013, baada ya kutafutwa kwa miongo mingi, mahali palifanywa siri. Watu wakaona nyasi za miba anamojificha bila kujua ziko wapi. Kwa hiyo aina ya makazi inaweza kuonyeshwa bila kutaja mahali. Shimo lenye makinda lisipigwe kwa namna inayoonyesha mlima, barabara au paa la nyumba vinavyotambulika, na maelezo chini ya picha yataje mti, msimu na ukanda mpana tu: mbuyu, kiangazi, Tanzania ya kati.